Dari Linalotonya Bila Mvua: Kisa cha Chumba cha Samaki Arusha

Julai si mwezi wa mvua Arusha. Ni mwezi wa baridi, wa masweta na chai ya tangawizi. Kwa hiyo mwalimu mmoja mstaafu wa upande wa Ilboru aliponieleza kwamba dari la chumba chake cha samaki linatonya kila alfajiri, na kwamba fundi bati ameshapanda mara mbili kuziba misumari kwa silikoni, nilimwomba kwanza asimwite tena. Bati lile halikuwa na tundu. Maji yalikuwa yanapanda kutoka chumbani, kisha yanarudi.

Chumba kiko uani, kimepakana ukuta kwa ukuta na chumba cha kulala. Ni mita 4 kwa 3, na kutoka sakafuni hadi darini ni mita 2.6. Kuta ni za tofali za saruji zilizopigwa lipu, dari ni jipsam, na juu yake ni bati tupu. Dirisha ni moja, la alumini. Ndani kuna vichanja viwili vya skwea paipu, kila kimoja ngazi tatu, vilivyobeba matangi 18 ya sentimita 90 kwa 40 kwa 45. Mzee anazalisha samaki wa Ziwa Tanganyika: Tropheus duboisi, Julidochromis, na wale Neolamprologus wadogo wanaotaga ndani ya makombe ya konokono. Kila tangi lina hita iliyowekwa nyuzi 26 na kichujio cha sponji, na sponji zote zinaendeshwa na pampu moja kubwa ya hewa. Matangi yote yalikuwa wazi juu, kwa sababu mtu anayelisha matangi 18 asubuhi na jioni hapendi kuinua vifuniko 18.

Kwa upande wa samaki hapakuwa na la kulaumu. Maji yalikuwa meupe, samaki wana rangi, vifaranga wamejaa. Nyumba ndiyo iliyokuwa inaoza. Jipsam ilikuwa na madoa ya kahawia na imeanza kuinama katikati. Pembe za ukuta zilikuwa na ukungu mweusi. Kabati la MDF la kuwekea vyakula lilikuwa limevimba mpaka milango haifungi. Soketi zilikuwa zimeota kutu ya kijani. Na katika chumba cha kulala cha jirani, nguo zilizokuwa kabatini upande wa ukuta ule zilinuka uvundo.

Ushahidi bora zaidi alikuwa nao mama mwenye nyumba, ingawa hakuna aliyekuwa amemuuliza. Alisema bati hulia zaidi usiku wenye nyota kuliko usiku wa mawingu. Maneno hayo yalitosha. Usiku usio na mawingu bati hupoteza joto lake moja kwa moja angani na linaweza kupoa kuliko hata hewa inayolizunguka. Hewa ya moto yenye mvuke ikipenya kwenye nyufa za dari na kuligusa, mvuke unageuka maji. Ni kanuni ileile ya soda baridi kutoa jasho mezani. Tundu la msumari huvuja mvua inaponyesha. Bati linalotoa umande hutonya nje kukiwa kukavu na kweupe.

Kabla ya kugusa chochote tulipima, na kabla ya kupima tulikagua vipimo vyenyewe. Mzee alikuwa na vipimaunyevu viwili vya bei rahisi na kila kimoja kilisema lake. Njia ya kuvikagua ni ya jikoni: chumvi ya mezani kijiko kimoja kwenye kifuniko cha chupa, matone machache ya maji mpaka ilowe bila kuyeyuka yote, kisha unaifunga pamoja na kipimo ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa na kuuacha usiku kucha. Hewa iliyofungiwa na chumvi iliyolowa hutulia kwenye asilimia 75. Kipimo kimoja kilisoma 75 kamili, kingine 83. Hicho cha pili tuliandika nyuma yake kwa kalamu ya wino “toa 8”, maisha yakaendelea.

Saa kumi na mbili asubuhi chumba kilikuwa na nyuzi 24 na unyevu wa asilimia 88. Nje kulikuwa na nyuzi 13 na unyevu wa asilimia 95. Na hapa ndipo kisa chote kilipofungamana, kwa sababu Mzee alikuwa anasoma namba hiyo ya nje kwenye simu yake kila jioni na kufunga dirisha kabisa. “Mwanangu,” aliniambia, “nje ni 95, ndani ni 88. Nikifungua si ninaongeza?”

Kwa hesabu ya namba mbili tu, ana haki. Lakini asilimia hiyo haisemi hewa imebeba maji kiasi gani. Inasema imebeba sehemu gani ya kile inachoweza kubeba katika joto lake, na hewa ya baridi inaweza kubeba kidogo sana. Mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi 24 huweza kubeba karibu gramu 22 za mvuke, wakati ile ya nyuzi 13 hubeba gramu 11 na ushee basi. Kwa hiyo hewa ya nje yenye “95” ilikuwa na gramu 11 hivi kwa mita ya ujazo, na ya ndani yenye “88” ilikuwa na gramu 19. Hewa iliyomtisha ndiyo ilikuwa kavu. Ukiiingiza ndani na ikapata joto mpaka nyuzi 24, unyevu wake unashuka hadi karibu asilimia 50.

Hewa ya nyuzi 24 yenye unyevu wa 88 huanza kutoa umande ikigusa kitu chochote kilicho chini ya takriban nyuzi 22. Ukuta wa nje alfajiri ya Julai uko chini ya hapo, kioo cha dirisha kiko chini zaidi, na bati ndiyo usiseme. Chumba hakikuwa na sehemu moja mbaya. Kila kitu ambacho hakikupashwa joto kilikuwa kimegeuka mahali pa maji kutua.

Maji hayo yalikuwa kiasi gani? Tulibandika utepe kwenye kioo cha matangi kadhaa, usawa wa maji, na kuacha kuongeza maji kwa wiki moja. Usawa ulishuka karibu sentimita 1.6. Ni kidogo kwa macho, na ndiyo maana watu hawaoni. Lakini uso wa maji wa matangi yote 18 ukijumlishwa ni mita za mraba 6.5, kwa hiyo sentimita hiyo moja na nusu ni lita 15 kila siku. Ndoo moja na nusu ya lita 10 inamwagwa hewani, kila siku, ndani ya chumba cha mita za ujazo 31. Kwa saa ni zaidi ya gramu 600, na hewa yote ya chumba kile, hata ikianza ikiwa kavu kabisa, inajaa kwa gramu 680. Maana yake ukifunga dirisha na mlango, chumba kinaweza kushiba mvuke kwa muda wa saa moja na dakika chache.

Kuna jambo la pili ndani ya lita hizo 15 ambalo lilimgusa Mzee kuliko ukungu. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunahitaji nishati ya karibu uniti 0.68 za umeme. Zidisha kwa 15, unapata uniti 10 kwa siku. Hita zilikuwa zinafanya kazi usiku na mchana, na sehemu kubwa ya umeme wa LUKU ilikuwa inapanda na mvuke kwenda kulowesha jipsam.

La tatu linahusu Arusha hasa. Maji ya visima na chemchemi nyingi za eneo la Mlima Meru yana floraidi nyingi, mara kwa mara kupita miligramu 1.5 kwa lita ambazo Shirika la Afya Duniani linashauri kwa maji ya kunywa, na mengi ni ya magadi. Samaki wa Tanganyika wanapenda maji ya magadi, hilo si tatizo. Lakini kinachopaa ni maji tu. Chumvi na floraidi vinabaki kwenye tangi. Ukifidia lita 15 kwa maji ya bomba lilelile, kila siku unaongeza dozi nyingine bila kutoa ya jana. Ukoko mweupe uliokuwa kwenye kingo za vioo vyake ulikuwa unasema hivyohivyo. Ushauri wa pembeni niliompa ni kukinga maji ya mvua na kuyatumia kufidia yaliyopaa, huku ya bomba akiyaacha kwa kazi ya kubadilisha maji.

Basi tuje kwenye matengenezo. Mzee alikuwa ameshapewa ushauri wa feni na fundi mmoja, tena feni inayotoa hewa chumbani na kuipeleka ndani ya dari. Hilo lingekuwa janga: kuchukua mvuke wote na kuupeleka mwenyewe chini ya bati. Hata feni nzuri inayotoa hewa nje ilikuwa bado mapema. Kuondoa gramu 600 kwa saa kwa kutumia hewa ya nje, na kubaki na asilimia 65 ndani, kungehitaji kubadilisha karibu mita za ujazo 190 za hewa kila saa, yaani chumba chote mara sita. Hewa hiyo yote inaingia na ubaridi wa nyuzi 13 au 14, na hita zingelazimika kuipasha. Unatibu ukungu kwa kuua LUKU.

Vifuniko vilikuja kwanza. Duka la vioo lilikata vioo vya milimita 4, vipande viwili kwa kila tangi: cha nyuma kikubwa kinachokaa palepale, kimekatwa pembe moja kupitisha mpira wa hewa na waya wa hita, na cha mbele chembamba kinachoteleza juu ya kile cha nyuma kwa kidole kimoja. Ulishaji ulirudi kuwa kazi ya dakika chache, na ubishi wa Mzee uliishia hapo. Plastiki ya akriliki ingekuwa nyepesi, lakini ikikaa juu ya maji ya moto hupinda, na kifuniko kilichopinda kina mwanya. Hofu kwamba samaki watakosa hewa haina msingi kwenye tangi lenye sponji. Pampu inasukuma hewa mpya ndani muda wote na ile ya zamani inatokea kwenye pembe iliyokatwa. Tulipunguza pia nguvu ya hewa, kwa sababu mapovu makubwa yanayopasuka juu ya maji hurusha matone na kuongeza mvuke, na vifaranga hawahitaji maji yachemke. Pipa la lita 200 la kupumzishia maji, ambalo lilikuwa wazi na jiwe la hewa ndani, nalo likapata kifuniko. Hilo watu hulisahau.

Maji yanayopaa yakashuka kutoka lita 15 hadi 4 hivi kwa siku. Kabla ya feni, kabla ya fundi yeyote, unyevu wa alfajiri ulikuwa umeshuka hadi asilimia 74. Kama bajeti ingeishia hapo, ningeridhika.

Dari lilihitaji fedha zaidi. Jipsam iliyokwisha kuota ukungu haioshwi ikapona, kwa sababu karatasi yake na unga wake vimenywa. Iling'olewa yote. Juu ya chumba zikaja stairofomu za sentimita 5 kati ya mbao, chini yake nailoni nzito ile inayotandikwa chini ya zege, kisha dari la PVC. Mpangilio huo haubadilishwi. Nailoni inakaa upande wa joto, yaani upande wa chumba, ili mvuke usifike kwenye sehemu za baridi. Ukiiweka juu ya stairofomu, umejenga mtego wa maji. Kingo za nailoni zilibandikwa ukutani kwa silikoni, na taa ya darini ikahamishiwa ukutani ili nailoni isitobolewe. Sehemu ya juu, kati ya dari na bati, ilifunguliwa tundu zenye wavu pande zote mbili za mgongo wa nyumba, ili mvuke utakaoponyoka upate njia.

Wakati wa kuosha kuta kwa dawa ya klorini na kupaka rangi kuna hatari isiyoonekana. Pampu ya hewa ikiwa chumbani inavuta hewa ya chumbani na kuipuliza moja kwa moja ndani ya maji, mvuke wa rangi na klorini ukiwemo. Tuliunganisha mpira kwenye mdomo wa pampu unaovuta hewa na kuupitisha dirishani hadi nje kwa siku zote za kazi, na ukuta ulifanywa mmoja mmoja.

Feni ilikuja mwisho, na kwa kuwa ilikuja mwisho ilikuwa ndogo. Kuondoa mvuke wa lita 4 kwa siku kunataka mita za ujazo 50 hivi kwa saa, na feni ya kawaida ya bafuni ya inchi 4, inayokula kati ya wati 15 na 20, inatosha. Iliwekwa juu ya ukuta wa nje, mbali na dirisha, na ukuta wa pili ukatobolewa tundu la kuingizia hewa chini, karibu na sakafu, lenye wavu wa mbu. Hewa inaingia chini, inapita kati ya vichanja, inatokea juu. Feni inavuta nje badala ya kusukuma ndani ili chumba kinyonye hewa kupitia nyufa zake, kisiwe kinatema mvuke kupitia nyufa hizo kwenda darini na chumba cha kulala. Inaongozwa na swichi ya unyevu iliyowekwa asilimia 65.

Mzee alitaka 50, ili “ikauke kabisa”. Nilimkatalia. Kadiri hewa inavyokuwa kavu ndivyo maji yanavyopaa haraka, na hita zinalipa. Kwenye 65, umande huanza kutoka chini ya nyuzi 17 hivi, na hakuna ukuta wala dari pale linalofika huko tena. Kioo cha dirisha kinafika, na asubuhi za baridi kali bado kinatoa jasho. Kinapanguswa kwa kitambaa. Kubadilisha dirisha zima kwa ajili ya vijiko vichache vya maji ningeona ni anasa.

Umeme ulishughulikiwa kimyakimya lakini ndiyo kazi ambayo singeiacha hata fedha zingekwisha. Soketi zote zilitolewa chini ya matangi na kupandishwa pembeni, kila waya ukaachwa uning'inie chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda ili tone liishie kwenye mzingo wake, na laini nzima ikawekewa RCD ya miliampia 30, swichi ya usalama inayokata umeme ukivuja. Vyuma vya vichanja vilikwanguliwa kutu na kupakwa red oksaidi.

Mashine ya kukausha hewa niliulizwa, na kwa Arusha jibu langu ni hapana. Huko kwenye vyumba vya chini ya ardhi vya Ulaya na Marekani ina maana, kwa sababu majira ya baridi nje ni baridi ya kuganda na joto inalotoa linabaki ndani. Hapa hewa kavu iko nje ya dirisha karibu bure. Dar es Salaam au Tanga ndipo hesabu inapogeuka. Machi, nje kukiwa na nyuzi 27 na unyevu wa 85, kila mita ya ujazo ya hewa ina karibu gramu 22 za mvuke, na feni hiyohiyo ingekuwa inaleta maji ndani. Pwani unafunika matangi, hita mara nyingi unazizima, na kama unyevu bado unakusumbua unatumia kiyoyozi na kufunga madirisha. Anayeiga chumba cha Ilboru huko Kigamboni atakuwa amenunua feni ya kujiloweshea.

Hata Arusha yenyewe haiko hivyo mwaka mzima. Masika yalipoingia, alfajiri za nyuzi 17 na unyevu wa 95, hewa ya nje ilibeba karibu gramu 14, sawasawa na ya ndani kwenye asilimia 65. Swichi haikuzima feni kwa wiki kadhaa na chumba kikakaa kati ya 70 na 76. Mzee alinipigia akiwa na wasiwasi kwamba feni imeharibika. Haikuwa imeharibika. Tuliihamishia swichi kwenye 75 kwa msimu, kwa sababu masika usiku si wa baridi kali na kuta haziko karibu na kutoa umande. Masika yakipita anairudisha.

Kona moja ilikataa kupona. Nyuma ya kichanja cha kaskazini, chini, lipu iliendelea kulowa. Tulibandika kipande cha nailoni ukutani kwa utepe pande zote nne na kukiacha siku mbili. Maji yalionekana upande wa ndani, kati ya nailoni na ukuta. Kwa hiyo hayakutoka hewani. Yanapanda kutoka ardhini kupitia msingi, na hakuna feni itakayoyazuia. Kichanja kimesogezwa sentimita 10 kutoka ukutani ili hewa ipite, na mfereji wa nje wa kuondoa maji ya bomba la paa bado unasubiri fundi mwashi.

Sasa anauliza kama anaweza kuongeza matangi 6 kwenye ukuta ulio wazi. Kwa mvuke, yakiwa na vifuniko, ni kama lita 1.3 zaidi kwa siku, na feni ina nafasi. Kwa uzito ni karibu kilo 900 za maji juu ya sakafu ya zege iliyo ardhini, haina shida. Nimemwambia aagize vioo vya vifuniko siku moja na matangi, na asitie maji mpaka vifike.